Mashua ya Kisenga Iliyokaa Msibani

Lupando, tarehe 12 Agosti 2024

Kwa Mwenyekiti wa Ufuko wa Kapondo,
Nchelenge, Zambia.

Bi Mwenyekiti,

Ninakuandikia kama msemaji wa wavuvi na wauza samaki wa Lupando, upande wa Kongo, si kama mtu mwingine yeyote uliyemzoea. Kwa hiyo usitafute salamu za nyumbani humu ndani.

Unajua kwamba kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni sisi na jirani zetu wa Kisenga tulikuwa na vita ya nyavu. Unajua pia kwamba ufuko wako ulitangaza mbele ya watu kuwa hauna upande. Maneno yenu yalikuwa haya: mashua ya Lupando au ya Kisenga ikifika kwenu italala usiku mmoja, watu wake watakula, watapewa mafuta ya kuwafikisha kwao tu, kisha waondoke. Tuliyakubali. Tulisema hata kanisani kwamba watu wa Nchelenge wana akili.

Mwezi wa Juni mashua ya Kisenga iitwayo Dieu Merci iliingia kwenu na injini inayokohoa kama mzee wa tumbaku. Haikulala usiku mmoja. Ilikaa karibu wiki nzima. Ilipotoka, injini yake ilikuwa inaimba, na ikaja moja kwa moja kwetu. Walikata nyavu zetu zote za upande wa mashariki, wakachoma vichanja vya kukaushia samaki. Hakuna aliyekufa, Mungu asifiwe. Mimi nilipoteza vichanja vyangu na nyusi ya kushoto.

Na Kisenga tumekwisha kusameheana. Padri na pasta walitukalisha, tukala pamoja, yamekwisha. Mliobaki ni ninyi. Nilifundisha historia miaka mingi, na niliwafundisha watoto kwamba zamani nchi moja kubwa isiyo na upande iliacha meli ya vita ijengwe bandarini kwake, ikaenda kuharibu meli za watu, na waamuzi wa mbali wakaiambia ile nchi: mlipaswa kuangalia. Ziwa letu ni dogo kuliko bahari, lakini kuangalia ni kulekule.

Tunataka waamuzi watatu; wetu tumemchagua mtu wa Chienge. Mpaka waamue, mashua zetu zitapeleka samaki soko la Chienge badala ya kwenu. Wakisema mna kosa, hakuna mashua ya Lupando itakayogusa mchanga wenu tena, wala mtu wetu kuvuka kuja kwenu kwa jambo lolote.

Marlène,
Msemaji wa Lupando

N.B. Hili halihusu kesi: Dédé wangu amefaulu mtihani wake wa serikali.


Kapondo, Nchelenge, 19 Agosti 2024

Kwa Msemaji wa Lupando,

Bi Msemaji,

Barua yako imefika, na nimeisoma mbele ya komite nzima kwa sauti, pamoja na habari ya nyusi. Watu wamekupa pole ya nyusi. Mambo mengine wameniachia mimi.

Tunakubali waamuzi. Ninyi mmemchagua mtu wa Chienge. Yaani samaki wenu wanashushwa mlangoni kwake kila asubuhi, halafu yeye ndiye aseme kama warudi kwetu au wabaki kwake! Lakini sawa, tunamheshimu. Sisi tumemchagua mwalimu Fabien wa kambi ya Mantapala, mkimbizi mwenye shamba zuri la mihogo, ambaye kwenye mashua hutapika. Huyo hana upande wowote ziwani. Wa tatu awe Ba Nsama wa kisiwa cha Kilwa, humu ziwani kwetu. Yeye ni wa ukoo wa Mvua, nasi wawili ni wa ukoo wa Uyoga, kwa hiyo ni mtani wetu, anaruhusiwa kututukana sote sawasawa na hakuna wa kukasirika.

Sasa utetezi. Ni kweli Dieu Merci ilikaa kwetu zaidi ya usiku mmoja. Ilikaa kwa sababu palikuwa na msiba ufukoni. Wewe umezaliwa kwenye ziwa hili, hujasahau: marehemu akiwa bado ndani, hakuna injini inayowashwa, hakuna wavu unaotupwa, hakuna mashua inayoondoka. Maiti ilisubiri ndugu wafike kutoka migodini Kopabeluti, na wale vijana walisubiri pamoja nasi. Baada ya mazishi waliondoka kesho yake. Mafuta tuliyowapa yalikuwa ya kufika Kisenga tu, niliyapima mimi mwenyewe. Wakiamua kuyatumia kuja kwenu halafu warudi kwa makasia, ni ujinga wao.

Kuhusu injini, sijui habari zake. Wiki nzima hakuna aliyesikia hata mlio mmoja wa injini ufukoni. Kama ingetengenezwa tungeisikia ikijaribiwa.

Orpha,
Mwenyekiti wa Ufuko wa Kapondo

N.B. Hili pia halihusu kesi: mwambie Dédé mama zake wadogo wote wa huku wamepiga vigelegele.


Kisiwa cha Kilwa, 27 Agosti 2024

Kwa ninyi Uyoga wawili, wa ng'ambo na wa ng'ambo,

Nimepokea ombi lenu na nimecheka mpaka mke wangu akaja kuniangalia. Ndugu wawili, tumbo moja, mmeshindwa kukaa kwenye mkeka mmoja mpaka mmeita Mvua. Bila sisi Mvua mngeota wapi? Mngekuwa vumbi.

Haya, nimekubali, na wenzangu wawili wamekubali. Kanuni ni hizi. Kila neno la kesi hii liandikwe kwenye karatasi, litiwe sahihi, lipitie kwa mashua ya Jumatano, na mwenzako apate nakala. Simu hapana. Vita yenu ilianza kwa simu, mtu mmoja akasikia nusu ya sentensi, mtandao ukakatika, akaenda kuchukua panga. Karatasi haikatiki katikati.

Ya pili, mtu asiniandikie kisirisiri, wala asiniletee samaki. Ninasema hivyo kwa maumivu, maana samaki waitwao pale, wale wakubwa wa Lupando, ninawapenda. Mwamuzi wa Chienge naye nimemwambia asile samaki yeyote mpaka kesi iishe. Amesema nina wazimu.

Ya tatu, tutawasikiliza hapa kisiwani tarehe 5 Oktoba, mahali ambapo hamna mwenyeji wala mgeni. Kabla ya hapo andikeni yote. Nikikuta mtu ameficha kitu nitamfanyia utani wa kweli, ule wa makaburini.

Nsama


Lupando, 4 Septemba 2024

Bi Mwenyekiti,

Nakala kwa waamuzi. Nimesoma utetezi wako. Nilikutarajia uje na hoja, umekuja na msiba.

Msiba! Sisi walimu tunalijua neno hilo. Mwanafunzi asiyefanya kazi yake ya nyumbani huzika nyanya watano kwa muhula mmoja. Kisenga nao walipokuja kupatana walituambia hivyohivyo, "tulichelewa kwa msiba". Bi Mwenyekiti, ziwani watu wanakufa kila wiki. Kama kila anayekufa anaupa ufuko ruhusa ya kufuga mashua ya vita, basi tangazo lenu la kutokuwa na upande lilikuwa la kupamba ukuta.

Na hata tukikubali msiba wenu, mtu anakaa msibani akiwa mikono mitupu. Hao walikaa na kutoka na injini mpya. Nimezungumza na kijana mmoja wa Kisenga, Guylain, aliyekuwa mle mashuani. Aliniambia kwa mdomo wake, nami ninaandika alivyosema: "Mama, ile moteri ilikuwa ya kufa. Bale ba Nchelenge ndiyo balitutengenezea, na hatukulipa hata kintu." Hamkuchukua hata senti. Mtu asiye na upande hafanyi kazi ya bure kwa upande mmoja.

Nitaongeza jambo moja ambalo waamuzi wanaweza kuliruka. Yule Mwenyekiti wa ufuko alizaliwa hapa Lupando. Kitovu chake kiko hapa. Wazee wanaponiuliza, "Mutoto wetu anakuwaje hana upande wakati wetu tunachomewa?" mimi ndiye ninayemtetea. Ninawaambia ameolewa huko, ana kazi yake, ana kanuni zake. Wananitazama tu.

Marlène


Kapondo, 8 Septemba 2024

Mwanangu Noëlla,

Ningekupigia simu huko chuoni Mansa, lakini ungesikia sauti yangu ungeacha vitabu vyako vya uuguzi upande basi. Kwa hiyo ninaandika, na ninaandika nikiwa nimekaa jikoni kwa bibi yako, kwa sababu ndiko ninakopata utulivu siku hizi.

Mama yako mkubwa ameniandikia kwamba msiba wetu ni wa mwanafunzi aliyeshindwa kazi ya nyumbani.

Nilisoma sentensi hiyo nikaikunja barua, nikaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi. Baba yako aliniona akaniongezea maji, unamjua. Noëlla, mwezi wa Juni vita ilizuia habari kuvuka, lakini sasa Marlène anajua palikuwa na msiba hapa. Ameliandika neno hilo kwa mkono wake tena na tena. Hakuuliza hata mara moja ni nani aliyekufa. Bibi Idah, aliyemwosha Dédé siku ya kwanza ya maisha yake, mwaka ule Marlène alipovuka kuja kujifungulia hospitali yetu! Alilala kwenye kitanda cha bibi mwezi mzima, bibi akalala chini. Na sasa bibi ni kisingizio.

Najua utasema, "Mama, si umwambie tu?" Baba yako anasema hivyohivyo. Sitaki. Nikiandika jina la bibi kwenye karatasi za kesi, ninamfanya shahidi wangu. Watu watasema Orpha ameleta maiti ya mkwe wake mahakamani ili ashinde. Nikimwandikia Marlène pembeni, atalia, ataacha kesi, na watu wa Lupando watasema ndugu wamemalizana chini ya meza. Na ukweli wenyewe, mwanangu, ni kwamba ninataka aulize. Nimekasirika na ninataka aulize. Nawe usimwandikie, nakuomba.

Wewe ulifika siku ya mazishi yenyewe, hukuona siku za mwanzo. Wanaume wa hapa wengi walikuwa wamekwenda upande wa Chienge kutafuta samaki kwa sababu ya vita. Alibaki baba yako na mdogo wake Ben, na wazee wenye migongo mibovu. Ardhi ya Juni unaijua. Wale vijana saba wa Kisenga walishuka mashuani wakiwa na njaa, wakasikia kilio, wakaja mlangoni. Mkubwa wao alivua kofia akasema, "Mama, hatuwezi washa moteri na maiti iko mu nyumba. Mutupatie majembe." Walichimba wao. Walibeba wao. Mmoja alilia kama bibi ni wake. Watu wa kwetu Lupando sikumwona hata mmoja, na hawa waliochimba ndio waliokuwa wakipigana nao. Nilikaa kwenye mkeka nikifarijiwa na maadui wa nyumbani kwetu.

Na injini ni kweli. Jana nilimbana baba yako mdogo Ben akasema yote. Walipomaliza kuchimba, maiti ikiwa bado ndani, kuku wa shukrani kwa wachimba kaburi hawakutosha, na yeye mtoto wa mwisho hakuwa na kitu mkononi cha kutoa kwa ajili ya mama yake. Akatoa alichonacho. Alikaa kwenye Dieu Merci na spana zake siku mbili, na kwa kuwa injini hairuhusiwi kuwashwa msibani, hakuijaribu. Ndiyo maana hatukusikia. Sisi sote tulidhani injini iliyo kimya ni injini isiyoguswa. Ben anasema, "Nilijua itawaka, shemeji. Sikuhitaji kuiwasha." Aliisema hivyo kwa fahari kidogo, nikataka kumpiga na kumkumbatia kwa pamoja.

Kwa hiyo ndugu yangu ana haki kuhusu injini, nami ndiye niliyeandika kwamba sijui. Nitasahihisha. Lakini kusema kwa nini Ben aliitengeneza bila kusema kaburi lilikuwa la nani, sijui nitaandikaje.

Kula vizuri. Dagaa zile za chisense nilizokutumia ni za Chienge, kwa sababu zetu hazipo.

Mama yako


Kapondo, 11 Septemba 2024

Bi Msemaji, na waamuzi watatu,

Katika barua yangu ya Agosti niliandika kwamba sijui habari za injini. Sasa ninazijua. Injini ya Dieu Merci ilitengenezwa ufukoni kwetu na fundi wetu Ben, bila malipo, wakati wa msiba, kimyakimya kwa kuwa hairuhusiwi kuwashwa. Komite haikujua. Lakini ufuko ni wetu na tulipaswa kuangalia, kama Bi Msemaji alivyowafundisha watoto.

Ben aliwashukuru vijana wale kwa sababu walichimba kaburi. Sina zaidi ya hapo.

Kuhusu kitovu changu, Bi Msemaji, kipo Lupando na hakijahama. Ndicho kilichonifanya nitangaze kutokuwa na upande. Kama ningekuwa na upande ningekuwa na wenu, na mashua zenu zingejaa kwangu mafuta na mapanga, na leo Kisenga ndio wangekuwa wananiandikia. Lakini huku ninaishi na watu wanaouza samaki wa pande zote mbili, watoto wao wanakula kwa pande zote mbili. Waambie wazee hivyo wanapokutazama.

Orpha


Lupando, 18 Septemba 2024

Bi Mwenyekiti, nakala kwa waamuzi,

Umekiri injini. Asante kwa ukweli, sikutarajia uje mwepesi hivyo, nilikuwa nimeshaandaa kurasa nne nyingine na sasa sijui nizifanyie nini.

Kesi imekwisha basi. Fundi wenu aliwapa watu wa vita kitu cha vita. Kuwapa wachimba kaburi shukrani ni desturi, lakini mimi sijawahi kusikia kaburi linalolipwa kwa injini. Labda aliyezikwa alikuwa mtu mkubwa sana huko kwenu.

Tutaonana kisiwani tarehe 5.

Marlène

N.B. Hili halihusu kesi: mama mkwe wako Idah anaendeleaje na miguu? Dédé anataka kuja kumwonyesha cheti chake mambo haya yakiisha. Mwambie nimemsalimu.


Kisiwa cha Kilwa, 25 Septemba 2024

Kwa Uyoga wawili,

Nimekaa na wenzangu, tumesoma karatasi zote kuanzia juu mpaka chini. Tumejifunza mengi kuhusu mafuta. Tumejifunza mengi kuhusu nyusi. Mwalimu Fabien, ambaye alivuka kuja kwangu akiwa amefumba macho njia nzima, ndiye aliyeweka karatasi chini akauliza, "Baba, lakini nani alikufa?"

Tukarudi kutafuta. Mmeandika msiba, maiti, marehemu, mazishi, kaburi. Ninyi wawili mmegombana juu ya kaburi zaidi ya mwezi na hakuna jina ndani yake. Mimi ni Mvua, mtani wa koo nyingi za ziwa hili. Kazi yangu kwenye mazishi ni kuzuia jeneza njiani na kumtukana marehemu ili watu wacheke machozi yakiwa bado mashavuni. Kuna mtu amezikwa bila mimi kumtukana, nami sijui ni nani.

Mwenyekiti wa Kapondo, ninakuuliza kama mwamuzi, na unatakiwa kujibu upesi, bila kungoja mashua ya Jumatano. Nani alikufa?

Nsama


Kapondo, 26 Septemba 2024

Kwa waamuzi watatu, nakala kwa Msemaji wa Lupando,

Aliyekufa ni Idah, mama ya mume wangu Chomba na ya fundi Ben. Alikufa tarehe 10 Juni.

Orpha


Lupando, 28 Septemba 2024

Orpha,

Sijangoja mashua ya Jumatano. Nimempa mtu wa Pweto anayepita, sijali kanuni.

Mimi ndiye niliyeandika "nyanya watano". Mimi ndiye niliyekuuliza kuhusu miguu yake, na wewe uliisoma barua hiyo ukiwa umekaa nyumbani kwake. Uliisomaje? Kwa nini hukunitukana? Ningekuwa mimi ningekodi mtumbwi nije kukutukana mlangoni.

Nimekaa hapa na Dédé ameshika cheti chake. Nilisikia msiba, nikafikiri ni mvuvi fulani, mtu wa huko. Huko ni kwako! Huko si ndiko ulikoolewa, si ndiko nilikolala mwezi mzima na yule mama akinikanda tumbo kwa maji ya moto na kuniimbia nyimbo za Kibemba nisizozielewa! Nilikuwa na vita kichwani, ndugu yangu. Niliona mashua tu.

Lakini nawe umenikosea na ninakuambia. Mtu haachi dada yake aandike upumbavu zaidi ya mwezi kwa sababu anataka kuulizwa. Nimekasirika, nimelia, nimekasirika tena.

Kesi siiachi. Nyavu ni za watu, si zangu peke yangu. Lakini wewe si Bi Mwenyekiti tena kwangu, ni mdogo wangu.

Yaya wako,
Marlène


Kisiwa cha Kilwa, 6 Oktoba 2024

Kwa Lupando na Kapondo, uamuzi wa watatu,

Jana mlikuja wote wawili, mkakaa mbali kama watu wasiojuana, halafu mkaanza kulia kabla sijafungua kikao. Mwamuzi wa Chienge naye akalia, nadhani kwa njaa ya samaki. Hatukusikiliza sana. Hata hivyo tumeamua, na ni neno la sote watatu.

Ufuko wa Kapondo haukukosea kuiacha mashua ya Kisenga ikae. Asiye na upande haruhusiwi kumfukuza mtu msibani, hata awe na panga kiunoni. Siku tutakayoanza kuwafukuza watu kwenye vilio kwa sababu ya vita, vita itakuwa imetumaliza wote. Lakini kuku si injini. Mchimba kaburi hupewa kuku, sabuni na chakula, kwa sababu kuku akiliwa hakibaki kitu cha kwenda nacho vitani. Ben alitoa kwa moyo wa mtoto aliyefiwa, na hakuna anayeulaumu moyo wake. Ufuko ulipaswa kujua kinachofanyika kwenye mchanga wake, haukujua, na nyavu za watu zimeharibika. Kwa hilo Kapondo mna kosa.

Pesa hatutaki kuzisikia. Watu wa Kapondo, wake kwa waume, watavuka kwenda Lupando na kukaa huko wakisuka nyavu, bega kwa bega na wenyeji, mpaka zilizokatwa zirudi zote. Kisenga wameomba kuja kusuka pia, na tumekubali. Ben atatengeneza kila injini mbovu ya Lupando msimu huu, na safari hii aziwashe ili tumsikie. Mashua za Lupando zitarudi Kapondo. Chienge wataishi.

Hata hivyo, mtu aliyefiwa haitwi kazini na ndugu ambaye hajaja kumlilia. Huo si uamuzi wetu, tumeukuta duniani. Kwa hiyo Lupando mtavuka kwanza. Njooni na unga wenu, mkae kwenye mkeka, mlie inavyotakiwa, ndipo mdai nyavu. Nami nitakuja, nina matusi ya mama yule yamenijaa kifuani tangu Septemba.

Nsama, Mvua, kwa niaba ya watatu


Kapondo, 14 Oktoba 2024

Mwanangu Noëlla,

Jumamosi walikuja. Tulijua itakuwa mashua mbili au tatu. Zilikuwa kumi na moja, zimefuatana, na zilipokaribia zote zilizima injini, wakaja kwa makasia. Ben alikuwa amesimama majini mpaka kiunoni. Watu wote wa sokoni waliacha meza zao.

Mama yako mkubwa alianza kulia akiwa bado mbali, ile sauti yake ya darasani, akimwita bibi kwa jina. Alishuka kabla mashua haijagusa mchanga, kitenge chote kikalowa, akapanda moja kwa moja kwangu na kunipiga begani. "Weye mutoto mubaya! Mubaya kabisa! Ulinyamaza juu ya nini?" Akanipiga tena. Halafu akaniangukia, tukaanguka wote wawili, na baba yako akabaki anazunguka hajui amnyanyue nani kwanza.

Ba Nsama alizuia mlango wa nyumba na kusema hakuna anayeingia mpaka amalize kumtukana marehemu. Alimwambia bibi alikuwa mchoyo wa chumvi, na kwamba alikufa mwezi wa Juni kusudi ili Mvua asifike. Watu walicheka wakiwa na kamasi. Mwalimu Fabien alitoa sala fupi, kwa sababu tumbo lake lilikuwa bado ziwani. Dédé aliweka cheti chake juu ya kaburi kidogo, akakichukua tena, maana nakala zenyewe ni ghali.

Jumatatu ijayo sisi tunavuka kwenda kusuka. Sijaikanyaga Lupando tangu kabla ya vita, na nimeanza kupanga vitu kama bibi harusi. Baba yako ananicheka.

Lakini nilitaka kukuambia hili. Jana mchana watu walipopungua, Marlène alikuja tukakaa wawili kwenye mkeka. Akasema, "Sasa anza." Nikamuuliza nianze nini. Akauliza aliugua siku gani. Akauliza nani alikuwa naye chumbani, nani alimfumba macho, alivishwa kitenge gani, alikula nini mara ya mwisho, kama alimtaja mtu. Nikijibu moja anauliza jingine. Aliuliza mpaka majirani wakaanza kuchungulia, aliuliza mambo ambayo hata mimi sikuwa nimeyafikiria. Mwisho akauliza, "Nawe, siku zile ulikuwa unakula?"

Sikuwa nakula, Noëlla. Nikamwambia. Akaenda jikoni kwa bibi yako bila kuuliza sufuria ziko wapi, akanisongea bukari, ule ugali wa nyumbani kwetu, akakaa akanitazama mpaka nikamaliza.

Mama yako